Nyuma ya Picha ya Farasi Weupe

Camargue, kusini mwa Ufaransa, ni kati ya sehemu zilizopigwa picha nyingi mno kwa ajili ya mifugo yake. Tulikwenda kuangalia kile ambacho kalenda hazionyeshi.

Picha yenyewe unaijua. Hata kama jina Camargue ni geni masikioni mwako, umeshaiona kwenye kalenda ukutani saluni, kwenye kadi ya harusi, au kwenye simu ya shoga yako aliyeiweka pale mbele akaandika maneno mazito ya mapenzi chini yake. Farasi weupe kumi, kumi na watano, wanakimbia ndani ya maji. Povu linaruka, manyoya ya shingo yanapepea, jua liko nyuma yao kama vile limelipwa kuja. Hakuna kamba, hakuna uzio, hakuna mtu. Ukiitazama unabaki na neno moja tu kichwani: uhuru.

Sasa tuambiane ukweli. Mara nyingi nyuma ya farasi wale kuna wapanda farasi wawili watatu wanaowaswaga. Mbele yao kuna kundi la wapiga picha waliopiga magoti kwenye maji, wamevaa mabuti marefu ya mpira, wamelipia nafasi. Farasi wana wenyewe, wana majina, wana chapa kwenye paja. Wakimaliza mzunguko mmoja wanarudishwa wakaanze upya kwa sababu kuna mtu hakupata vizuri. Uhuru ule, mpenzi msomaji, una ratiba.

Je, hiyo inamaanisha picha ni ya uongo? Hapana. Inamaanisha tu kwamba ni sentensi moja iliyokatwa kutoka kwenye hadithi ndefu. Na hiyo hadithi ndefu, ya watu wanaoamka alfajiri kulisha, kutibu, kuzalisha na kuhesabu mifugo, ndiyo tamu zaidi.

PALE MTO UNAPOGAWANYIKA

Kama umewahi kufika Rufiji, ukaona mto mkubwa unavyochoka kabla ya kuingia baharini na kujitawanya kwenye matope, basi Camargue utaielewa haraka. Ni delta ya mto Rhône. Mto unafika mji wa Arles, unagawanyika mara mbili, na kati ya mikono hiyo miwili hadi Bahari ya Mediterania kuna nchi tambarare ya mabwawa, wangwa, matete, mashamba ya mpunga na mashamba ya chumvi. Katikati kuna ziwa la Vaccarès, lenye ukubwa wa hekta kama 6,500. Ndiyo, mpunga Ufaransa! Na heroe pia, wale ndege wa rangi ya waridi ambao wengi tunawaita flamingo. Wewe uliyezoea kuwasikia wakitajwa pamoja na Natron au Bogoria, utajihisi nyumbani kidogo.

Tangu mwaka 1970 eneo hili ni hifadhi ya kimkoa, lakini si hifadhi ya aina tuliyoizoea sisi, ya kuwatoa watu na kubakiza wanyama. Watu wamo, wanalima, wanafuga. Shamba la mifugo huko linaitwa manade, neno linalomaanisha kundi lenyewe. Mchungaji anaitwa gardian, na kazi yake anaifanya juu ya farasi.

Mifugo ya asili hapa ni ya aina tatu. Wa kwanza ni farasi wa Camargue, mdogo wa umbo, mabegani ana urefu wa sentimita 135 hadi 150 hivi, kifua kipana, kwato ngumu zilizozoea matope. Wa pili ni ng'ombe wa Camargue, mweusi, mwepisi, mwenye pembe zinazoelekea juu kama kinubi. Wa tatu, ambaye wapiga picha wengi wanampita bila hata kugeuka, ni kondoo wa merino wa Arles, mwenye sufi nzuri.

Halafu kuna siri ambayo kalenda hazikuambii: hao farasi weupe hawazaliwi weupe. Kitoto cha farasi wa Camargue kinazaliwa cheusi au cha kahawia iliyokolea, halafu rangi inafifia mwaka hadi mwaka. Mpaka afike miaka minne au mitano ndipo anakuwa yule mweupe wa kwenye kadi ya harusi. Kwa hiyo ukiona picha yenye farasi weupe watupu, jua kuna mtu amechagua. Watoto wameachwa nje ya fremu. Kwangu mimi, mama mweupe amesimama na mtoto mweusi ubavuni, wote wawili miguu kwenye tope, ni picha nzuri kuliko kumi za mbio.

WALIOSHIKA KAMERA

Camargue ilianza kutengenezewa sura mapema sana. Mwaka 1895 bwana mmoja wa ukoo wa kitajiri kutoka Avignon, Folco de Baroncelli, aliacha maisha ya jumba kubwa akaanzisha manade yake. Kazi aliyojipa ilikuwa kurudisha damu safi ya ng'ombe wa Camargue, maana wafugaji wengi walikuwa wameshawachanganya na ng'ombe wa Kihispania. Mwaka 1904 akaanzisha na wenzake chama ambacho baadaye kiliitwa Nacioun Gardiano, cha kulinda mavazi, lugha na desturi za wachungaji. Mwaka 1905 Buffalo Bill alipopita kusini mwa Ufaransa na maonyesho yake ya Marekani, Baroncelli alifanya urafiki na Wahindi Wekundu waliokuwa kwenye msafara ule, urafiki uliodumu kwa barua. Haikupita miaka mingi, kufikia 1910 hivi, filamu za kikauboi za Kifaransa zikawa zinapigwa hapo hapo kwenye mabwawa. Kwa hiyo ukimwona gardian na kofia yake ya ukingo mpana ukafikiri umeingia kwenye sinema, hujakosea sana. Sinema na shamba huko vimekuwa majirani kwa zaidi ya miaka 100.

Lakini wakati wengine wakitengeneza sinema, alikuwepo mtu mmoja aliyekuwa akifanya kazi ya kimya kimya. Jina lake Carle Naudot, aliyezaliwa 1880 na kufariki 1948. Yeye alipiga picha za vioo, zile za zamani zinazotaka utulivu na mgongo wa kubebea mzigo. Hakukimbilia povu na machweo. Alipiga tandiko. Alipiga kibanda cha gardian chenye paa la matete na ukuta wa chokaa, kile ambacho nyuma yake ni duara na imeelekezwa kaskazini-magharibi, unakotoka ule upepo mkali wa mistral. Alipiga fimbo yenye meno matatu, kamba iliyosokotwa kwa manyoya ya farasi jike, watu wakimwangusha ndama ili apigwe chapa. Leo mtu akitaka kujua tandiko la gardian lilifungwaje kabla ya vita, picha za Naudot ndiyo shule.

Kisha ukaja mlipuko. Mwaka 1953 filamu fupi ya Albert Lamorisse, Crin-Blanc, kuhusu mtoto wa kiume na farasi wa porini, ilishinda tuzo kwenye tamasha la Cannes. Kwenye uandishi wake alishiriki Denys Colomb de Daunant, ambaye mwenyewe alikuwa mfugaji wa Camargue na mpiga picha. Ulimwengu mzima ukaanza kumjua farasi mweupe wa kwenye maji. Mwaka huo huo kijana wa Arles, Lucien Clergue, aliyezaliwa 1934, alikutana na Picasso na kumwonyesha picha zake. Clergue naye hakupendezwa na urembo wa bure bure. Alipiga fahali waliokufa, ndege waliooza kwenye mchanga, familia za Wagitano, mawimbi. Mwaka 1970 yeye na wenzake wawili, mwandishi Michel Tournier na mwanahistoria Jean-Maurice Rouquette, walianzisha tamasha la picha la Arles, ambalo mpaka leo linajaza mji kila majira ya joto. Mwaka 2006 akawa mpiga picha wa kwanza kuchaguliwa katika Chuo cha Sanaa cha Ufaransa. Alifariki mwaka 2014.

Na yupo Hans Silvester, Mjerumani aliyezaliwa 1938, ambaye farasi wake wa Camargue walizunguka dunia vitabuni. Huyu anatugusa karibu zaidi, maana miaka ya baadaye alihamishia kamera yake Afrika Mashariki, bonde la Omo nchini Ethiopia, akawapiga picha Wasurma na Wamursi waliojipamba kwa maua, majani na udongo. Kitabu kilitoka, watu wakashangilia. Picha ni nzuri, hakuna ubishi. Lakini ukishajua njia aliyopita, kutoka farasi wa kwenye maji hadi vijana wa Omo, unaanza kujiuliza swali ambalo kila mwenye kamera anapaswa kujiuliza: nilichokipenda hapa ni uzuri wao, au maisha yao? Na je, kwenye picha yangu, ng'ombe wao wako wapi?

ASUBUHI KWENYE MANADE

Mimi na mume wangu tulifika mwezi wa Mei. Tulikuwa tumepanga kukaa siku moja kwenye manade ya familia, si kubwa, inayopokea wageni wachache ili kujazia mapato. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa tumeshasimama kwenye lango, mbu wameshatukaribisha (malaria si tishio huko siku hizi, lakini kuwashwa kuko pale pale).

Mwenye manade ni mama wa miaka hamsini na kitu, mikono imekomaa, sauti ya chini. Hakutupa hotuba. Alipanda farasi wake, akatuonyesha kwa kidole pa kusimama, akaenda. Na hapo ndipo nilipoelewa kitu cha kwanza: kazi halisi ya gardian ni ya polepole. Hakuna mbio. Ng'ombe weusi kama arobaini walikuwa kwenye matete, na yeye na mwanawe wa kiume waliwazunguka taratibu, farasi wakinusa, wakikata kona bila kuambiwa. Tandiko lao lina mgongo mrefu nyuma na kingo mbele, kama kiti, maana mtu anakaa humo saa nyingi. Ukipiga picha hapo hupati povu. Unapata mvuke unaotoka puani mwa ng'ombe, na mwanamke mmoja anayehesabu kwa midomo.

Mume wangu, ambaye alikuja na lenzi ndefu kama bomba la maji, alikuwa amekunja uso.

"Sasa mke wangu, hawa wataanza kukimbia saa ngapi?"

"Baba Imani, hawa wako kazini. Wewe ofisini huwa unakimbia?"

Alicheka, akaishusha ile lenzi, akaweka fupi. Kuanzia hapo picha zake zikawa bomba.

Baadaye tulishuhudia kupigwa chapa kwa ndama wa mwaka mmoja, shughuli inayoitwa ferrade. Kwa kawaida ni siku ya sherehe: majirani wanakuja, marafiki wanasaidia kumwangusha ndama kwa mikono, chuma cha moto kinawekwa, sikio linakatwa alama ya manade. Si picha nyepesi. Kuna moshi, kuna harufu, ndama analia. Wageni wawili waligeuka pembeni. Nilimwona yule mama akimwangalia mpiga picha mmoja aliyekuwa anasogea kwa uroho, naye akanyoosha tu mkono: hapo pametosha. Mpiga picha akarudi nyuma. Kwenye shamba la mtu, mwenye shamba ndiye anayesema fremu inaishia wapi.

Mchana alitukaribisha jikoni. Juu ya meza akaweka albamu tatu nene, za miaka ya nyuma, zile zenye karatasi nyembamba kati ya kurasa. Humo mlikuwa na mafahali. Wengi! Kila mmoja amepigwa kwa heshima, pembeni, kichwa juu, kama picha ya pasipoti. Nyuma ya kila picha pameandikwa kwa kalamu: jina la fahali, jina la mama yake, mwaka. Nilishangaa mwanzoni, mpaka mtu aliyekuwa anatutafsiria akaeleza. Katika michezo ya mafahali ya Camargue fahali hauawi. Vijana waliovaa nyeupe wanajaribu kunyakua kitambaa na vifundo vya uzi vilivyofungwa kwenye pembe zake, muda ukiisha anarudi nyumbani kula majani. Mwaka unaofuata anakuja tena, ameshajua mbinu zao. Kwa hiyo staa ni yeye. Kwenye mabango jina lake linaandikwa kwa herufi kubwa. Kijijini Le Cailar kuna kaburi la fahali maarufu aliyeitwa Sanglier, aliyezikwa mwaka 1933. Wewe fikiria, ng'ombe ana kaburi na watu wanalitembelea.

Tulipofika mwisho wa albamu ya tatu nikamuuliza: na mama yako mzazi? Yule mama akarudi nyuma kurasa, akatafuta, akatafuta. Akapata picha mbili. Kwenye moja mama yake yuko nyuma ya dirisha, kwenye nyingine amekata kichwa kwa sababu aliyekuwa analengwa ni fahali. Kumbe ndiye aliyekuwa anapika siku zote za ferrade, na ndiye aliyeandika yale majina yote nyuma ya picha. Mwandiko wake ulikuwa kila mahali, sura yake hakuna.

Jikoni palikuwa kimya kidogo. Mume wangu akaomba ruhusa kwa ishara. Yule mama akajifuta mikono, akavuta kiti, akakaa dirishani, na picha ikapigwa: yeye, albamu, mwandiko wa mama yake umefunguliwa mapajani. Alituomba kitu kimoja tu, tumtumie nakala iliyochapwa kwenye karatasi. Ya kwenye simu hakuitaka.

PICHA ZINAVYOLINDA KIZAZI

Usidhani haya ni mambo ya hisia tu. Mfugo wa asili unaishi kwa kumbukumbu. Mwaka 1976 serikali ya Ufaransa iliweka vigezo vya farasi wa Camargue, na mwaka 1978 kikafunguliwa kitabu cha kizazi, yaani daftari rasmi la nani ni mtoto wa nani. Mwaka 1996 nyama ya ng'ombe wa Camargue ikapata alama ya asili inayolindwa kisheria, ya kwanza kwa nyama ya ng'ombe nchini humo. Alama hizo hazikushuka kutoka mbinguni. Zilipatikana kwa sababu kulikuwa na watu waliokuwa wameshaandika, wameshahesabu, na wameshapiga picha kwa miongo mingi.

Kondoo nao wana habari yao. Kila kiangazi makundi ya merino yanapandishwa milimani Alps kutafuta majani, zamani kwa miguu kwa siku nyingi, siku hizi mengi kwa malori. Mwaka 2023 UNESCO iliiongeza Ufaransa kwenye orodha ya nchi zinazotambuliwa kwa desturi hiyo ya kuhamisha mifugo kwa majira. Ukienda Makumbusho ya Camargue, yaliyomo ndani ya banda la zamani la kondoo, Mas du Pont de Rousty, barabara ya kutoka Arles kwenda baharini, utaona jinsi vifaa vya kazi vinavyosimulia pale vinapowekwa pamoja na picha za waliovitumia.

Na kuna wasiwasi. Bahari inakula pwani ya Camargue, chumvi inazidi kupanda ardhini na kwenye maji ya Vaccarès, malisho yanabadilika. Mtu anayepiga picha za machweo tu hawezi kuliona hilo, maana machweo ya mwaka huu yanafanana na ya mwaka jana. Lakini anayerudi mahali pale pale, kwenye uzio ule ule, mwaka baada ya mwaka, atakuwa na ushahidi. Huo ndio upande wa kamera ambao hauna makofi mengi, ila ndio unaokaa.

Wanawake pia ni sehemu ya ushahidi huo. Fanfonne Guillierme, aliyezaliwa 1895 na kufariki 1989, aliongoza manade yake kwa miongo mingi katika ulimwengu uliohesabiwa kuwa wa wanaume. Walimwita kwa heshima Mademoiselle Fanfonne. Picha zake akiwa juu ya farasi, umri umeshakwenda na mgongo bado umenyooka, zimefanya kazi ambayo hotuba mia zisingeweza: msichana wa Camargue akitaka kuwa gardian leo hakuna wa kumwambia haijawahi kutokea. Ameshaona.

NA SISI JE?

Wengi wetu farasi tunamjua kwa mbali: kikosi cha polisi, mashindano ya Ngong kule Nairobi, au kwenye televisheni. Mbung'o na maradhi ya farasi havikumpa nafasi sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Lakini mfugo tunao, na si wa kubahatisha. Ankole wa pembe ndefu kule Kagera, Uganda na Rwanda. Borana wa kaskazini mwa Kenya. Zebu wa Wamaasai na Wasukuma. Punda wa Lamu. Picha zao ziko wapi?

Zipo, tena nyingi, ila karibu zote zimepigwa na mgeni, na karibu zote ni za aina moja: Mmaasai anaruka, pembe kubwa mbele ya machweo, punda kwenye kichochoro. Ni povu letu la Camargue. Wakati huo huo wafugaji wengi wanawachanganya Ankole na ng'ombe wa maziwa wa kizungu ili wapate lita zaidi, jambo ambalo mwenye ada za shule za kulipa huwezi kumlaumu. Ila akishaondoka yule ng'ombe wa mwisho wa ukoo fulani, aliyekuwa na jina lake na wimbo wake, nani atakuwa na picha yake? Na nani atakuwa ameandika nyuma?

Babu yako anawajua ng'ombe wake kwa rangi, kwa pembe, kwa bibi zao. Bibi yako anajua nani alikamuliwa siku ya harusi ya baba yako. Krismasi tunapanda mabasi kwenda kwao na simu zenye kamera kali kuliko zote alizowahi kuzishika Naudot, tunapiga selfi mbili na mbuzi, tunarudi mjini. Hebu safari ijayo mwende na mwenzako, mkae siku nzima. Mpigeni babu picha akikagua kwato. Mpigeni bibi anayekamua, uso wake uonekane, si mikono tu. Ulizeni jina la ng'ombe, jina la mama yake. Andikeni na tarehe. Kisha chapeni, mpeleke. Simu inaibiwa, karatasi inakaa kwenye sanduku na kanga.

KAMA MNAPANGA KWENDA

Kwa wapendanao mnaoweka akiba ya fungate au ya kutimiza miaka mitano, haya hapa ya kuzingatia.

Viza: Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Anzeni mapema, msisubiri tiketi.

Njia: Kutoka Paris treni ya kasi inafika Avignon kwa chini ya saa tatu, halafu treni ndogo hadi Arles. Kutoka Marseille ni kama saa moja. Kutoka Arles hadi Saintes-Maries-de-la-Mer, mji wa mwisho kabla ya bahari, ni kilomita kama 38. Baiskeli zinafaa sana, nchi yote ni tambarare.

Wakati: Tarehe 1 Mei ni sikukuu ya wachungaji Arles, ya chama chao kilichoanzishwa 1512. Tarehe 24 Mei Wagitano humpeleka mtakatifu wao Sara hadi baharini, akisindikizwa na gardian juu ya farasi. Julai tamasha la picha linaanza. Tarehe 11 Novemba manade nyingi hukusanyika Saintes-Maries kuonyesha jinsi fahali wanavyosindikizwa na wapanda farasi. Majira ya kuchipua mtaona watoto weusi wa farasi. Kiangazi mtaona mbu.

Kamera: Mnyama mweupe anaichanganya kamera, inamfanya wa kijivu. Ongezeni mwanga kidogo kwenye mpangilio. Pigeni mapema asubuhi au jua linapozama. Upepo wa mistral unabeba vumbi na chumvi, kwa hiyo fungeni mifuko.

Heshima: Ombeni ruhusa, hata ya farasi aliye nyuma ya uzio barabarani, maana ana mwenyewe. Mkitaka picha za mbio majini, zipo za kulipia, na si dhambi. Ila lipieni pia ile siku ya polepole. Na mnapopigana picha ninyi wawili, badilishaneni kamera. Katika kila nyumba kuna mmoja ambaye huwa haonekani kwenye albamu kwa sababu ndiye mpigaji, au ndiye aliyekuwa jikoni. Mkague albamu zenu usiku huu, mtamjua ni nani.